Kitabu Tulichokikata Kamalondo

Niliingia Lubumbashi nikiwa nimekaa juu ya magunia ya ndagala, dagaa wakavu wa ziwani. Nilipanda behewa la mizigo Kalemie na begi moja, sufuria ndogo, na tumaini kwamba safari ingeisha kabla ya unga wangu. Unga uliisha hata hatujafika Kabalo. Injini ilikufa pale, ikafufuka, ikafa tena kabla ya Kamina, na kila ilipokufa tulishuka, tukawasha moto kando ya reli na kupika pamoja, kama watu waliolazimishwa kuwa ndugu. Mahali pamoja tulikwama muda mrefu hivi kwamba baba mmoja alipanda lengalenga karibu na tuta la reli. Siku honi ilipolia hatimaye, yeye peke yake hakufurahi, kwa sababu mboga yake ndiyo kwanza ilikuwa inafaa kuchumwa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimemaliza sekondari, sina kazi na sina hamu ya kukaa mahali. Niliposhuka stesheni ya Lubumbashi, dereva wa teksi alifungua dirisha, akanusa, akalifunga. Nikatembea kwa miguu hadi Kamalondo kumtafuta fundi cherehani aitwaye Ramazani, ambaye msafiri mwenzangu aliniambia kwamba hamfukuzi mtu. Baba Ramazani alikuwa mzee mwembamba mwenye asili ya Maniema, na kofia yake ilikuwa imejaa pini. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Treni ilikuleta," aliniuliza, "ao balikuvua mu ziwa?" Kisha akanipa sabuni.

Tangu siku hiyo nimeishi Ndola, Lusaka, Tunduma na mahali pengine ambapo sikukaa vya kutosha kujua majina ya majirani. Haya ninayaandika Mbeya, katika chumba cha kupanga ambacho huenda nitakihama kabla ya mvua. Nimepita arobaini, na ninajua sasa kwamba kutangatanga kwangu hakukuwa na sababu kubwa. Kuna watu ambao miguu yao huwasha tu. Lakini juzi nilipata ujumbe wa sauti kutoka Lubumbashi, nikausikiliza nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausikiliza tena. Ilikuwa sauti ya msichana mtu mzima ambaye mara ya mwisho kumwona alikuwa hajaota meno. "Tonton Kalemie," alisema, yaani mjomba Kalemie, kwa sababu kule hawakuwahi kuniita jina lingine, "ni miye Plamedi. Nkambo alituacha. Tulimuzika. Mu kabati tulikuta ile kitabu haina kava, nilisoma yote, lakini pale katikati panakosa kipande. Mama anasema ni weye uko nayo. Anasema unielezee yote, ya kitabu na ya nyumba." Nkambo, kwa watu wa kule, ni bibi. Kipande anachokiulizia kipo chini ya begi langu, kimevikwa karatasi ya mfuko wa saruji, kimeshonwa kwa uzi wa buluu. Yeye ana mwisho wa kitabu, ambao mimi sikuwahi kuusikia. Mimi nina katikati. Na kwa kuwa mama yake ameniruhusu, nitamweleza yote.

Nianze na sebule. Baba Ramazani alinipeleka kwa Mama Nadine, mjane aliyekuwa na chumba kitupu nyuma ya nyumba yake, na huko ndiko nilikoishi mwaka mzima. Sebule yake ilikuwa na makochi manne yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vioo, televisheni iliyokufa ambayo juu yake ziliwekwa picha, na dirisha moja pana lililotazama uani. Uani palikuwa na bomba, kamba ya kuanikia nguo, na mbabula, lile jiko la makaa ambalo kila nyumba ya mji ule inalo. Dirisha halikuwa na kioo kamili, kwa hiyo lililosemwa sebuleni lilisikika bombani, na lililosemwa bombani lilisikika sebuleni. Kila Jumamosi mchana, watu wakishatoka sokoni, makochi yale yalijaa. Tulikula kwanza. Bukari, yaani ugali, jeupe lenye moshi, samaki wa tomson aliyekaangwa na nyanya, lengalenga iliyopikwa na karanga, na jagi la enameli lenye munkoyo, kinywaji cha mahindi chenye uchachu ambacho ningetembea leo hadi mpakani kukipata. Baada ya kunawa mikono, mtu mmoja alianza kusimulia kitabu.

Ile ndiyo iliyoitwa serkle, na ilikuwa na namna yake ya kusoma ambayo sijaiona mahali pengine. Mwanzilishi wake alikuwa Mwalimu Kabwe, mstaafu mwenye sauti nene na miwani iliyofungwa kwa waya. Vitabu vilikuwa haba, tulipata nakala moja tu ya kila kimoja, na nusu ya wanachama Kifaransa chao kilikuwa cha kuombea chumvi. Basi Mwalimu alichukua wembe, akakikata kitabu kwenye uti wa mgongo, vipande saba, kwa utulivu wa daktari. Baba Ramazani alikishona kila kipande pembeni na kukivika karatasi ya saruji. Kisha tulifumba macho na kuvuta vipande kutoka katika kapu. Kila mtu alisoma chake peke yake, na Jumamosi yake ikifika aliwasimulia wenzake kwa Kiswahili. Ilikuwa marufuku kusoma kipande cha mwenzako. Ulimwamini. Na sheria iliyokuwa kubwa kuliko zote ilihusu mshono: kipande chako kikianza mahali ambapo cha aliyekutangulia hakikuishia, ulisimamishwa, na yule wa kwanza alirudi kusimulia upya. "Mushono ikikosa," Baba Ramazani alikuwa akisema, "tunafumua, tunashona tena. Hakuna haya." Kitabu kikiisha, alivishona vipande vyote pamoja na kukiweka katika kabati la Mama Nadine.

Nadhani niliingizwa serkle kwa sababu ya kazi yangu. Nilikuwa nimepata kibarua kwa mtu aliyeuza vitabu vikuukuu barabarani, karibu na poste, na vile vilivyopoteza kava aliniachia. Mwaka ule tulikata vingi. Tulikata cha mfalme mmoja mwoga, tukacheka hadi Mwalimu akavua miwani. Tulikata cha upishi kwa makosa, na Béa, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa na neno juu ya kila kitu, alikisimulia kipande chake cha supu kama habari ya mapenzi. Nikiwaza sasa, katika maisha yangu sijawahi kusikilizwa jinsi nilivyosikilizwa kwenye kochi lile. Nilikuwa mgeni, nilifika nikinuka, na Jumamosi yangu ilipofika watu wazima walinyamaza ili wasikie nilichosoma.

Sasa nimzungumzie Nadine. Katika mji ule mama hubeba jina la mtoto wake, na sikuwahi kumsikia mtu akimwita mwenye nyumba wangu jina alilopewa na wazazi. Mama Nadine, karibu Mama Nadine, Mama Nadine chumvi iko wapi. Kutwa nzima alikuwa akiitwa kwa jina la binti ambaye hakuongea naye ila kwa lazima. Nadine alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, kwa kuwa mume wake alikuwa akitafuta nyumba Kolwezi, na alilala katika chumba cha pembeni na mtoto wake mchanga, Plamedi. Mkono wake wa kushoto vidole viwili havikunyooka, na ngozi ya kiganja iling'aa kama ya mtu mwingine. Niliona siku ya kwanza aliponipa sahani, nikatazama pembeni, naye akaona kwamba nimetazama pembeni. "Ni moto," alisema. "Ya zamani."

Lililonichukua muda kuliona ni jambo jingine. Nadine hakuwahi kumpa mama yake mtoto. Akienda kuoga alimpitisha juu ya ukuta kwa jirani. Jirani akiwa hayupo, aligonga mlango wangu. Mimi niliyeshuka kwenye magunia ya ndagala nilimbeba Plamedi kabla ya nkambo yake, na nilijua hivyo, na kila nilipomshika nilihisi nimekaa kwenye kiti cha mtu. Mama Nadine hakuomba. Kila asubuhi alitoa kitenge cha kubebea mtoto, kipya, chenye ndege wa kijani, alichokinunua aliposikia kwamba binti yake ana mimba. Alikikunja vizuri na kukiweka juu ya kiti kilichokuwa kando ya mlango wa Nadine. Jioni alikiondoa. Kesho yake alikitoa tena. Nadine alikipita kama mtu anavyopita kiti.

Kitabu kisicho na kava nilikileta mimi mwenyewe, kutoka poste, karibu na mwisho wa mwaka ule. Hatukujua jina lake wala la aliyekiandika. Kilimhusu mwanamke anayeuza mkate stesheni katika nchi yenye vita. Mume wake amechukuliwa, askari wanapita kila wiki na kubeba mikate, na yeye, ambaye hawezi kuwafanya lolote askari, anaanza kumpiga binti yake mdogo. Mwanzoni kofi, baadaye mwiko. Kipande cha kwanza kilimwangukia Baba Ramazani, na alipomaliza alisema kitabu ni kibaya, kirudishwe kilikotoka. Mwalimu alijibu kwamba kitabu kibaya ni kile ambacho mtu anakimaliza na kulala. Cha pili kilikuwa cha Béa. Katika kipande chake mtoto alimpa mvulana mwenye njaa mkate mmoja, mama akajua, na hapo ndipo kipande kilipokatika, mama akiwa anafungua mlango wa tanuri. Tulibishana sana siku ile. Mwalimu alisema vita viliingia ndani ya nyumba kwa kupitia mikono ya yule mwanamke. Baba Ramazani alisema njaa humtoa mtu akili. Béa hakutaka kusikia hayo. "Mama mwenye anafanya vile si mama," alisema. "Ni jina tu balimupatia." Mama Nadine aliinuka kwenda kujaza jagi la munkoyo. Jagi lilikuwa limejaa. Uani, Nadine alikuwa anafua, na mimi niliyekaa karibu na dirisha nilisikia brashi yake ikisimama, kisha ikaendelea.

Kipande cha tatu kilikuwa cha Mama Nadine mwenyewe. Cha nne changu. Mkono wake tu ndio uliokivuta kapuni. Alikisoma katikati ya wiki, adhuhuri, akiwa amekaa barazani, na nilimwona akikifunga kabla ya kufika mwisho, akachukua jembe na kulima mahali pasipo na jani. Ijumaa alimfuata Mwalimu hadi kwake na kumwomba abadilishiwe, ampe changu, mimi nichukue chake. Mwalimu, ambaye hakujua lolote, alimwambia kwa upole kwamba kipande ni kipande, kama mtoto, hakichaguliwi. Najua kwa sababu alitusimulia mwenyewe baadaye, akiwa ameshika kichwa.

Jumamosi ile alisimulia vizuri kuliko siku zote. Alitueleza tanuri, alitueleza makaa, na jinsi mama alivyomvuta mtoto kwa mikono yote miwili. Béa alijifunika uso. Halafu, alisema Mama Nadine, treni ilipiga honi, mama akashtuka, akamwachia mtoto, akapiga magoti, wakalia wakiwa wamekumbatiana hadi asubuhi. Kwenye makochi watu walishusha pumzi. Baba Ramazani alisema alhamdulillahi, Béa akamgonga Mama Nadine begani na kumwambia alimtia hofu bure. Mimi nilikuwa na kipande changu mapajani. Nilikuwa nimekisoma mara mbili, na mstari wake wa kwanza ulisema kwamba mtoto alipoamka mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa na chumba kilinuka mafuta. Nilimtazama Mama Nadine. Alikuwa anatazama bakuli la kunawia.

Siku mbili zilizofuata nilifikiria namna ya kulirekebisha neno. Ningeweza kuruka ukurasa wa kwanza. Ningeweza kusema mtoto alikuwa na homa. Nilikuwa nikilala chini ya paa la mwanamke yule, nikila chakula chake, na sikuona kwa nini nimwaibishe. Kisha Nadine alinikuta kwenye kamba ya nguo, Plamedi akiwa mgongoni mwake, akanyoosha ule mkono wa kushoto. Aliomba kipande changu. Nilimwambia ni marufuku. Alisema yeye si mtu wa serkle. Nikampa, akausoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, nguo zenye maji zikimdondokea miguuni, na hakusoma zaidi.

"Kama haikuungua," alisema, "balifunga nini na kitambaa?"

Ndipo aliponieleza, kwa maneno machache, huku akianika. Ilikuwa miaka ile mishahara ya mgodini ilipokatika na mji mzima kukonda. Yeye alikuwa mtoto, na alilamba kijiko cha sukari iliyobaki, iliyokuwa inatunzwa kwa ajili ya baba yake mgonjwa. Mbabula ilikuwa imewaka. Baada ya pale mama yake alimpeleka hospitali, alimuuguza, alimsomesha, alimvika vizuri kuliko watoto wote wa mtaa, na hakuwahi kulitaja. Majirani walipouliza ilisemwa kwamba mtoto alianguka. Miaka yote: mtoto alianguka. "Sitafuti alie," Nadine aliniambia. "Sitafuti alombe musamaha. Nataka tu aseme vile ilikuwa. Hata mara moya. Hata mu kitabu ya bengine. Lakini wapi, hata pale anaweka treni." Mwisho wa mwezi mume wake angekuja kuwachukua. Ataondoka, alisema, na mtoto wake hatashikwa na mikono ambayo haitaki kujulikana ilifanya nini. Kisha alinirudishia kipande, kimelowa kidogo pembeni. Doa lile lipo hadi leo.

Kwa hiyo Jumamosi ilipofika nilijua kitu kimoja tu, kwamba nyuma ya dirisha kulikuwa na mtu anayesikiliza ambaye hakuwa na Jumamosi nyingi zilizobaki. Tulikula. Sikumbuki ladha ya chochote. Nikafungua karatasi ya saruji na kusema lililoandikwa: mtoto alipoamka mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa.

Mwalimu Kabwe aliinua kidole. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwonyesha ukurasa. Akaugeukia mlango wa kabati, kana kwamba kitabu kizima kilikuwa ndani yake, akasema basi mshono haukutani. Hakusema kwa ukali. Ilitokea kwa kila mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishwa kwa kumsahau mjomba mzima. Baba Ramazani alishasema kwa mazoea, "Tunafumua, tunashona tena," na katikati ya sentensi ndipo alipomwona Mama Nadine usoni, akamalizia kwa sauti ya chini.

Mama Nadine aliondoa bakuli mapajani, akaliweka chini. Hakwenda kuchukua kipande chake kabatini.

"Nilidanganya," alisema. "Treni haikupita."

Nilisikia bomba likifungwa uani.

"Ule mama alikamata mikono ya mutoto yake, akaipeleka ku moto. Mutoto alikuwa analia, anaita mama, mama. Alikuwa anaita ule ule mwenye anamuchoma. Hakuna muntu alikuya. Hakuna kitu ilimusimamisha. Aliacha wakati mwenyewe alitaka kuacha." Alipangusa magoti kama yana unga. "Musiseme ni njaa. Bote balikuwa na njaa. Alijua ile alikuwa anafanya. Na yote ile, juu ya sukari. Kijiko moya ya sukari."

Kitabu kilikuwa cha mkate. Kwa Jumamosi tatu tulikuwa tumesikia mkate, mkate, mkate. Hakukuwa na punje ya sukari katika kitabu kizima. Mwalimu Kabwe, ambaye hakuwahi kuliacha kosa lipite mbele yake bila salamu, aliinua tena kidole. Kidole kilikaa hewani. Kisha alikishusha, akavua miwani na kuanza kuunyoosha ule waya. Baba Ramazani alikuwa ametazama dirishani. Béa, mwenye neno juu ya kila kitu, alikuwa analia bila sauti, na nadhani alikuwa anakumbuka alichokisema. Mshono ulikuwa umekosa tena, mbele ya watu wote, na hakuna aliyeomba ufumuliwe.

Katika safari zangu nimekaa na watu wengi wakarimu. Wamenipa chakula, wamenipa mahali pa kulala. Lakini ninaposhukuru, ninashukuru kwanza kwa ukimya ule. Hawakumuuliza. Hawakumfariji kwa haraka ili wao wenyewe wapate nafuu. Walimwachia sukari yake ikae pale mezani kama alivyoiweka. Baada ya muda Mwalimu alivaa miwani na kuniambia, kwa ile sauti nene ambayo sasa ilikuwa na ufa, "Kalemie, endelesha." Nikaendelea. Nilisimulia jinsi mama wa kitabuni alivyofungua vile vitambaa kila asubuhi, na mtoto alivyokuwa akitazama ukutani.

Nilitegemea kwamba jioni ile Nadine angeingia ndani, kwamba pangekuwa na machozi. Hakuingia. Alimaliza kufua, akamnyonyesha mtoto, akafunga mlango. Kesho yake kitenge chenye ndege kilikuwa juu ya kiti, naye akakipita. Jumanne nilimsikia akimsalimu mama yake kabla ya kusalimiwa, na Mama Nadine akajibu mara mbili, kama mtu aliyeangusha kitu. Katikati ya wiki niliwakuta wanachambua sombe, majani ya muhogo, kwenye sinia moja, kila mtu upande wake. Mtoto alikuwa mgongoni kwa Nadine. Hakuna zaidi ya hayo, na yalikuwa mengi.

Mimi miguu ilikuwa imeanza kuwasha. Dereva mmoja wa lori la chumvi aliyenunua gazeti kwangu pale poste aliniambia anakwenda Sakania, na kutoka Sakania mtu anaweza kuvuka akaiona Ndola siku hiyo hiyo, nikamwambia anipitie. Sina sababu nzuri zaidi ya hiyo. Jumamosi yangu ya mwisho kipande cha tano kilisimuliwa, sikumbuki kilisema nini. Nilipotaka kumrudishia Baba Ramazani changu kwa ajili ya kushona, alinisukumia mkono. "Kitabu ikose kipande," alisema. "Siku moya utakiona mu begi, utajua kuko mahali banakungoya." Wenzake wakamkemea kwa kuharibu mali ya serkle, lakini hakuna aliyenipokonya. Baba Ramazani amekufa zamani. Sikurudi. Kipande kimefanya kazi aliyokipa, isipokuwa hiyo moja ya kunirudisha.

Asubuhi ya kuondoka nilikunja godoro, nikafagia chumba, nikatoka na begi lile lile na sufuria ile ile. Lori lilikuwa limesimama nje likitetemeka. Mama Nadine alikuwa amewasha mbabula anichemshie maji ya bukari nile kabla ya safari, ingawa nilimwambia hakuna wakati. Kitenge kilikuwa juu ya kiti. Nadine alitoka chumbani na taulo begani, anaenda kuoga. Nilinyoosha mikono kupokea mtoto, kama nilivyozoea.

Alinipita. Alikichukua kitenge kutoka kwenye kiti, akakikunjua kwa mara ya kwanza, akasimama nyuma ya mama yake na kumwambia ainame. Mama Nadine aliinama bila kugeuka. Nadine alimlaza Plamedi mgongoni pake, akapitisha kitenge, akaja mbele kufunga. Alifunga kwa mkono wa kulia na kukaza kwa vidole viwili vya kushoto visivyonyooka, akajaribu fundo, akalifungua, akalifunga tena kwa nguvu zaidi. Nyuso zao zilikuwa karibu sana.

"Usimukaribishe ku mbabula," alisema.

"Ndiyo, mama," Mama Nadine alimjibu, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa.

Nadine alisubiri kidogo, kisha akaenda kuoga. Dereva alipiga honi. Nilimuaga Mama Nadine kutoka nilipokuwa, yeye akaniaga kwa kichwa tu, kwa sababu mikono yake yote miwili alikuwa ameirudisha nyuma, chini ya mtoto. Nilipopanda lori na kugeuka, niliiona sufuria kupitia geti lililokuwa wazi. Maji yalikuwa yamechemka, yanainua kifuniko, yanamwagikia makaa na kuzima moto upande mmoja. Alikuwa anayatazama kutoka ukutani, mbali, na hakupiga hata hatua moja.